Mwaka wa Chumba Cheusi

Simu ilikuja nikiwa nachambua mchele. Aliyepiga ni mpwa wa Mwalimu Rispa, mtu ambaye sijawahi kumwona, akaniambia kwamba shangazi yake amefariki, kwamba hakuugua sana, na kwamba watamzika wiki ijayo. Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba mimi nilikuwa na Mwalimu ule mwaka wa ukumbi wa Amalemba. "Kwa sababu hapa matangani," akasema, "watu wanaongea juu ya miaka yake ya kufundisha, na juu ya chama cha akina mama, lakini wakifika mwaka huo wanaruka. Hakuna mtu anataka kusema. Na mimi nataka kujua." Nilimwambia nitakuja kumzika, lakini hayo si mambo ya kusimama na kuyasema mbele ya watu wanaosubiri chakula. Nikarudi kwa mchele wangu, nikakuta siuoni. Ndiyo sababu nayaandika.

Sitaeleza kwa nini mimi na mdogo wangu Shamsa tulitoka Mayoni tukaja kukaa mjini Kakamega kwa senje Hadija, dada ya baba yetu. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na pa kwenda, na kwamba Shamsa alikuwa na miaka tisa, hasemi, na hakuna shule iliyokuwa imekaa naye hata muhula mmoja. Leo kuna jina la hali yake. Daktari akisema usonji, wazazi huitikia kwa kichwa, hata kama wanalia. Katikati ya miaka ile ya tisini hatukuwa na jina. Tulikuwa na maelezo tu, na ndani ya kila maelezo kulikuwa na mtu wa kulaumiwa: mama alikula kitu fulani akiwa mja mzito, jirani alitupa jicho, babu alikataa kulipa deni la watu waliokufa. Senje ndiye aliyesikia sokoni, alikokuwa akiuza mitumba, kwamba kuna mwalimu mstaafu mtaa wa Amalemba ambaye amefungua mahali pa watoto wa namna hiyo kucheza. Si shule, si hospitali, si kanisa. Ni kucheza tu, na wazazi wao wakiwa hapo hapo. Senje aliona ni jambo la ajabu, lakini Jumamosi iliyofuata alitutoa nyumbani mapema.

Ukumbi ulikuwa nyuma ya kinu cha unga kilichofungwa miaka mingi, na hata mvua ikinyesha ulinuka mahindi. Mwalimu Rispa alikuwa amesimama mlangoni, mama mfupi mwenye sweta ya kiume na raba za turubai. "Mulembe," akatuamkia, akatazama viatu vyetu. "Vueni hapo. Na kitu kingine. Humu ndani hatuombeangi mtoto msamaha. Akimwaga, amemwaga. Akipiga kelele, amepiga. Sisi wote hapa tumechoka kusema pole." Senje, ambaye hakuzoea kuamriwa, aliinama kuvua viatu. Shamsa alikuwa tayari ameingia.

Ninauona ule ukumbi hata sasa. Kwenye boriti kulining'inia matairi ya gari kwa kamba nene, kila moja likiwa na mstari wa rangi yake, na watoto walikuwa wamelalia matumbo juu yake wakizunguka. Kulikuwa na magunia yaliyoshindiliwa nguo kuukuu, ngoma moja kubwa, na beseni la maji ambalo Shamsa aliliendea kana kwamba ameitwa. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na stoo ndogo. Mwalimu alikuwa amefunika dirisha lake kwa blanketi zito na kuziba nyufa kwa matambara, kwa sababu alikuwa ameona kwamba mtoto akizidiwa na mwanga na kelele, humo hutulia. Kulikuwa na godoro na blanketi jingine la kujifunika, basi. Sisi tulikiita chumba cheusi. Hakuna aliyeketi akafikiria jina hilo. Laiti tungekiita kitu kingine chochote.

Aliyetupokea kweli, kuliko hata Mwalimu, ni Mama Elvis. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, na ndiye aliyepika chakula cha Jumamosi katika kibanda cha mabati kilichoegemea ukumbi. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye kicheko cha kukohoa, na mwanawe Elvis alikuwa na miaka kumi na miwili na mwili wa mtu mzima. Elvis hakusema neno. Alivuma kwa pua, sauti moja isiyopanda wala kushuka, na siku mbaya alipiga kichwa ukutani mpaka ngozi ipasuke. Lakini akiwa kwenye tairi lake, lile lenye mstari wa buluu, alinyamaza kabisa, akazunguka macho yakiwa yamefumbwa, na hakuruhusu mtoto mwingine alikalie. Mama Elvis ndiye aliyenifundisha kumviringisha Shamsa ndani ya blanketi anapotetemeka. "Mkaze," alikuwa akiniambia. "Usimshike kama yai. Anatakanga kujua mahali mwili wake unaishia." Sijasahau. Nimeifanya kazi hiyo karibu miaka thelathini.

Tulikula saa za mchana, obusuma, ugali wetu, na mboga ya murere, na siku ambayo mzazi mmoja alileta ingokho, kuku mzima, kila mtu alipata hata kama ni shingo. Tulikaa chini kwenye mikeka, wazazi na watoto, na hapo ndipo niliposikia mambo ambayo watu wazima hawakuwa wakiyasema mbele ya msichana wa miaka kumi na minane. Baba Linet, karani wa ofisi ya serikali na mwanamume pekee kati yetu, alikuwa akimenya vitunguu huku tai imefichwa mfukoni, akieleza jinsi ndugu zake walivyoacha kumtembelea. Mama Elvis alieleza juu ya mama mkwe wake. "Mimi alinisemeshanga kwa dirisha tu. Anasema tumbo yangu ilifungua mlango mbaya, haezi ingia nyumba yenye iko na mlango kama huo." Akacheka, akakohoa, akamwongezea Elvis mboga. Wengine walicheka naye. Mwalimu Rispa hakucheka. Nilimwona akimtazama Mama Elvis kwa muda mrefu, kijiko mkononi.

Mvua za masika zilipokuwa zikiisha ndipo mambo yalianza kubadilika, lakini kidogo kidogo, kiasi kwamba ungeweza kujiambia hujaona. Kulikuwa na mama jirani aliyekuwa akituletea maziwa, na desturi yake ilikuwa kuingia na kukaa kidogo. Akaanza kuyaacha langoni. Halafu akayaacha nje ya lango, barabarani. Halafu hakuleta tena, na nilipokutana naye mferejini alijitwika ndoo ikiwa nusu akaenda. Watoto wa mtaa waliokuwa wakichungulia dirishani kwa kucheka sasa walichungulia bila kucheka. Na kila Jumatatu, tulipokwenda kufagia ukumbi, tulikuta lango limepakwa mafuta. Si mafuta machafu ya gari, ni mafuta ya kupikia, yametiwa kwa kidole kwa alama ya msalaba, na vumbi na nzi vimenata hapo. Mwalimu aliyafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Jumatatu iliyofuata yalikuwa hapo tena, misalaba miwili.

Aliyezaliwa baadaye pengine hajui hofu ya miaka ile. Kila mahali watu walizungumza juu ya waabudu shetani. Ilisemwa redioni, ikahubiriwa makanisani, hata misikitini mashekhe walionya. Ilisemwa wako mashuleni, wana magari mazuri, wanatoa pipi kwa watoto, wana vyumba ambavyo mtu akiingia hatoki alivyo. Mferejini nilisikia mwanamke akimwambia mwenzake, bila kujua nipo nyuma yake, "Hapo nyuma ya kinu kuko na ngoma. Kuko na watoto wanalianga. Halafu ghafla unasikia kimya. Sasa hao watoto wanaendanga wapi?" Nilikuwa na jibu. Wanaenda kwenye godoro, chini ya blanketi. Lakini nilijua, hata kabla sijafungua mdomo, jinsi jibu hilo lingesikika.

Baba Linet alikuwa wa kwanza kuondoka. Alikuja Jumamosi moja bila Linet, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Mwalimu, sitakuja tena," akasema. "Mkubwa wangu ameniuliza mbele ya watu kama najua mahali ninapeleka mtoto."

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema nampelekanga kwa shangazi yake." Akaangalia matairi, akaangalia beseni. "Linet analala usiku mzima tangu tuanze kuja hapa. Nataka ujue hivyo."

"Nimejua," Mwalimu akasema. "Nenda salama."

Baada yake wakaondoka wengine, na hao hawakuja kuaga. Mkeka mmoja ulitutosha sasa. Mama Elvis aliendelea kupika, lakini alikuwa amepungua mwili, na kicheko chake kilikuwa kimekwisha. Akishapakua alitoka nje. Siku moja nilimfuata nikamkuta amesimama kwenye kibanda, mikono imekunjwa, akitazama sufuria tupu.

"Mama Elvis, huli?"

"Niko kwa maombi," akasema. Halafu, bila kunigeukia, "Zainabu, msichana wangu, wewe unaona Shamsa ataongea?"

"Sijui."

"Mimi nilisikia sauti ya Elvis kwa ndoto. Ni nzito. Aliniita mama, mara moja tu. Nikaamka nikamkuta anapiga ukuta." Akapangusa uso kwa upindo wa leso. "Kuko na mchungaji amekuja. Anasema Elvis ataongea kabla mwaka kuisha. Lakini amesema kuko na mlango lazima nifunge kwanza."

"Mlango gani?"

Ndani ya ukumbi mtoto alikuwa akipiga ngoma, polepole, pigo moja, kisha kimya, kisha pigo. Mama Elvis alisikiliza kana kwamba hajawahi kuusikia mlio huo. "Ananisaidia kuutafuta," akasema.

Nilimweleza Mwalimu. Alikaa kwenye gunia. Nilidhani atasema tumkatae Mama Elvis jikoni, au twende tukaongee na huyo mchungaji. Alisema tu, "Mtu akiwa na kiu namna hiyo, huwezi kumwambia maji ni machafu."

Mkutano wa injili ulifanywa mwezi wa Agosti kwenye uwanja ulio wazi, na vipaza sauti vilifungwa juu ya milingoti ya chuma ili mji wote usikie. Sisi hatukwenda, lakini mkutano ulituingilia nyumbani. Ilikuwa mchana, jua kali, mimi na senje tumekaa sakafuni tunachagua maharagwe, Shamsa akimimina maji kutoka kikombe hadi kikombe. Kwanza zilikuwa nyimbo. Halafu sauti ya mchungaji, iliyochoka na tamu, ikimwita mtu apande juu. Halafu sauti nyingine ikasema, "Bwana asifiwe," na mkono wangu ukasimama juu ya ungo.

"Mimi nilikuwa huko ndani," sauti ikasema. "Mimi ndio nilikuwa mpishi wao."

"Waambie watu wa Kakamega umeona nini, mama."

"Kuko na chumba. Wamefunika dirisha. Iko giza, hata mchana. Wanaingizanga watoto humo."

"Na watoto wakiingia humo?"

Nilisikia upepo ukivuma katika kipaza sauti.

"Wananyamaza," Mama Elvis akasema.

Kelele iliyotoka uwanjani haikuhitaji vipaza sauti. Ilikuja yenyewe juu ya mabati, kama mvua ya mawe. Shamsa aliangusha vikombe akaziba masikio. Nimekuwa nikiyarudia maneno yale maisha yangu yote, nikitafuta uongo ndani yake, na sijaupata. Kila alichosema kilikuwa kweli. Chumba kilikuwapo. Kilikuwa cheusi. Watoto walinyamaza.

"Funga dirisha," senje akasema.

"Senje, ni Mama Elvis."

"Najua ni nani. Funga."

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa Mwalimu, tukamkuta anapiga nguo pasi. "Nilisikia," akasema kabla hatujaketi. "Hakutetemeka hata kidogo. Alikuwa amefundishwa vizuri." Senje alimwomba afunge ukumbi, angalau mpaka mkutano uondoke mjini. Mwalimu aliigeuza ile sweta yake ya kiume, akainyoosha mikono. "Nikifunga Jumamosi hii, nimewajibu kwamba ni kweli." Senje alimwambia kwamba watu waliokwisha kuamini hawana swali linalongoja jibu. Walitazamana, wanawake wawili wa makamo, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Njiani kurudi, senje alisema sisi hatutakwenda. Lakini Jumamosi ilipofika Shamsa alikuwa amesimama mlangoni tangu alfajiri, viatu mkononi, kwa maana yeye aliijua Jumamosi kwa njia zake mwenyewe, na alipovutwa ndani alianza kujiuma mkono. Senje alimtazama kwa muda. Akajifunga mtandio. "Basi twende sote," akasema. "Mimi sitakaa hapa kusubiri habari."

Tulikuwa familia nne. Mwalimu alipika uji mwenyewe, ukaungua. Watoto walicheza kama siku zote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, jinsi walivyocheza. Shamsa ndiye aliyesikia kwanza. Aliacha maji, akainua mikono masikioni, akageukia mlango, na mimi sikuwa nimesikia kitu. Halafu na mimi nikasikia: wimbo, makofi, kayamba. Ulikuwa wimbo mzuri, wa furaha, nilioujua tangu nikiwa mdogo kutoka kwa majirani. Ulikuwa ukija kwa mwendo wa kutembea, bila haraka yoyote. Nilimbeba Shamsa nikaingia naye katika chumba cheusi, nikamviringisha blanketi, nikamlalia. Yale ya ukumbini nilisimuliwa na senje baadaye. Lango liliangushwa, mlango ukasukumwa, na vijana wakajaa. Mmoja akauliza, "Watoto wako wapi?" na Mwalimu akajibu kwa sauti ya darasani, "Wako hapa. Ingieni mwaone. Vueni viatu." Senje aliniapia kwamba mmoja wao alianza kuinama kufungua kamba, kabla hajasukumwa na walio nyuma.

Kisha blanketi la dirisha likang'olewa kutoka nje, na mwanga ukatupiga mimi na Shamsa. Mlangoni alisimama mtu mwenye mpini wa jembe. Alikuwa anahema. Alitazama ukuta, pembe, dari, godoro, akatutazama sisi.

"Ni nini iko hapa?" akaniuliza.

"Hakuna kitu," nikasema. "Ni giza tu."

Alitazama tena kuta zote, na usoni mwake niliona hasira ya mtu aliyeahidiwa kitu akanyimwa. Akatuondoa juu ya godoro, si kwa ukali, akalivuta nje, nasi tukatoka nyuma yake.

Walikuwa wakirundika kila kitu uani: magodoro, magunia, ngoma, matairi na kamba zake. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye matope ya lango, mkono wa kushoto umepinda mahali usipopindia. Moto ulikuwa umekwisha kushika. Karibu naye alisimama kijana ameshika tairi, analigeuzageuza mikononi, na mwingine alikuwa na mtungi wa mafuta ya taa. Sina haja ya kumweleza mtu wa rika langu maana ya vitu hivyo viwili vikiwa karibu na mtu aliyekaa chini. Wimbo ulikuwa bado unaimbwa nyuma, lakini walio mbele walikuwa wameacha kuimba. Wale mama wengine walikuwa wamekimbilia kwenye kinu na watoto wao. Nilimtafuta senje, nikamwona anapita katikati ya watu, hasukumi, anasema tu "samahani, samahani," kama mtu anayetafuta nafasi kwenye harusi. Alipofika kwa Mwalimu alikaa kwenye matope kando yake, bega kwa bega, akanyoosha miguu. Yule kijana alilishika tairi muda zaidi. Mpaka leo sijui kama aliona haya au mikono ilimchoka. Aligeuka akalitupa motoni, na mengine yakafuata.

Ndipo Mama Elvis akafika. Walikuwa wamemvalisha Elvis shati jeupe na tai, nadhani ili aonekane, ili asimame mbele ya watu wakati mlango wenyewe unafungwa. Mama yake alikuwa amemshika mkono. Elvis aliangalia moto, akavuma kwa pua, akaacha kuvuma. Niliona alichokiona kabla mama yake hajakiona: mstari wa buluu, ukianza kutoka mapovu. Alijichomoa mkononi mwake kirahisi tu, akaingia motoni kama mtu anayeingia chumbani kwake, akainama, akalishika tairi kwa mikono miwili.

Nilimwacha Shamsa nikakimbia. Nilishika shati lake, likachanika. Nikashika kiuno. Alikuwa na nguvu kunizidi, na hakuwa anakuja kwangu, alikuwa anatoka na tairi lake, na alilitoa. Alilikumbatia nje ya moto, mpira umeyeyuka mikononi mwake, na mlio uliotoka kifuani mwake ulikuwa wa kwanza na wa mwisho niliousikia kwake uliopanda. Halikuwa neno. Mama Elvis alianguka chini akaanza kumbandua vidole. Wimbo ulikatika nyuma. Aliyevunja kimya ni yule mama wa maziwa. Alivuka barabara mbio na ndoo ya maji, akammwagia Elvis mikononi, akarudi kuchota nyingine, analia, anatukana, sijui nani. Nilipogeuka umati ulikuwa umebaki nusu. Nilipogeuka tena hakukuwa na mtu, viatu vichache tu kwenye matope. Mwenye pikapu moja mtaani alikubali kutupeleka hospitali, Elvis na mama yake nyuma, Mwalimu mbele.

Wiki hiyo watu wa mkutano waliteremsha vipaza sauti vyao wakahamia mji mwingine. Polisi walikuja wakatazama majivu, wakamshauri Mwalimu asifungue tena, kwa usalama wake. Alikuwa wadi ya wanawake na plasta mpaka begani, na kila alasiri alitembea hadi wadi ya watoto akakaa kando ya kitanda cha Elvis. Mama Elvis alikuwa akiinuka na kutoka nje akimwona anakuja. Hawakusemezana. Nilikuwapo, niliona.

Senje ndiye aliyetoa nyumba yake ya Ekero, aliyoachiwa na marehemu mume wake, mbali na mji, miwa pande zote. Shemeji yake, aliyekuwa akiswalisha msikiti wa pale, aliulizwa, akajibu, "Watoto wa nani? Wa watu? Basi waje." Tuliingia humo mwezi wa Oktoba, familia tatu, baadaye tano. Hakukuwa na ngoma. Hakukuwa na chumba chenye giza; mtoto akizidiwa tulimlaza chini ya meza na kuteremsha kitambaa, na milango yote tuliiacha wazi, kila mpita njia aone. Lakini trekta za miwa zilipopita na vibarua wakiimba, kila mama alishika mtoto wake kabla hajajua kwamba ameshika. Na mimi pia. Hata sasa nikisikia watu wengi wakiimba kwa mbali, naangalia kwanza Shamsa yuko wapi.

Jumamosi ya pili au ya tatu, Mama Elvis alitokea kwenye ua wa miti, Elvis pembeni yake, mikono imefungwa bandeji. Walikuwa wametoka Kakamega asubuhi. Mmoja wa akina mama akasimama. "Huyo akiingia, mimi natoka," akasema, na wengine wakaanza kukusanya vitu vyao. Mwalimu aliwatazama hao, akamtazama aliye nje. Alikuwa na watu wachache sana, na alijua mtu mmoja akiondoka wangefuatana.

"Mtoto aingie," akasema. "Wewe, kaa hapo."

Mama Elvis alikaa hapo, kando ya barabara, kwenye nyasi mbele ya miwa, mpaka alasiri alipotolewa mtoto wake. Wiki iliyofuata alikuja tena akakaa. Akawa anakuja kila Jumamosi. Ndani, Mwalimu alikuwa akimfundisha Elvis kushika kijiko upya, kwa maana ngozi ya viganja ilikuwa imevuta vidole kwa ndani. Wapo waliosema Mwalimu anamwadhibu yule mama, na wapo waliosema anamlea. Mimi nilikuwa na hasira na Mama Elvis, hasira ya ujana, safi na nyepesi kubeba. Haikudumu. Nimepanga foleni nyingi na Shamsa tangu wakati ule, mbele ya watu wengi waliojua dawa, na leo, kama mmoja wao angeniambia kwamba mdogo wangu ataniita jina langu nikimtaja fulani mbele ya watu, sijui ningemtaja nani.

Jumamosi ya mwisho ya mwaka ule mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mama Elvis alikuwa amekaa pale pale, amejifunika jani la mgomba. Wenzake ndani walikula, wakanywa chai, wakatazama upande mwingine. Mwalimu alimimina kikombe, akaongeza sukari, akanipa. "Mpelekee," akasema. "Mwambie aje Jumamosi ijayo."

Nilitoka nikiwa nimejifunika gunia. Aliponiona aliinuka nusu, akakaa tena. Nilimpa chai.

"Mwalimu anasema uje Jumamosi ijayo."

Alinitazama usoni, akatafuta kitu hapo. "Si nilikuwa nitakuja tu," akasema.

"Najua. Lakini amesema uje."

Mvua ilikuwa ikiingia kikombeni na hakuwa anaizuia. "Niambie tena vile amesema," akasema.

Nikamwambia tena.